Simu na kompyuta zikipeana mafaili: nani anabisha hodi, nani anafungua?

Simu iko mezani, laptopu iko mezani, na kati yake hazipiti hata shubiri mbili. Kuna video ya gigabaiti moja na nusu kwenye simu, na inatakiwa kwenye laptopu. Wengi wetu tunafanya nini? Tunajitumia wenyewe kwa WhatsApp. Video inapanda hadi kwenye seva za kampuni, pengine bara jingine kabisa, kisha inashuka mpaka kwenye laptopu iliyokuwa pale pale pembeni. Bando limelika wakati wa kupanda na limelika tena wakati wa kushuka. Na kama uliituma kama video ya kawaida badala ya kuituma kama hati, kilichofika kimekamuliwa hadi nyuso za watu zimekuwa ukungu.

Nadhani lugha yetu nayo inachangia. Neno "mtandao" tumelibebesha mizigo miwili. Mtandao ni intaneti, ile ya dunia nzima, na mtandao ni pia ule mdogo wa ndani, wa ruta moja na vifaa vilivyoungana nayo. Tukisema "mtandao umekata", mara nyingi kilichokatika ni intaneti tu. Ruta bado inawaka, wifi bado iko, na simu na laptopu bado zinaweza kuzungumza kama kawaida. Ng'oa waya unaoleta intaneti kwenye ruta na faili litaendelea kuhama bila kushtuka, kwa sababu halikuwa likienda nje. Kuanzia hapa nikisema intaneti namaanisha ile ya dunia, na nikisema mtandao wa ndani namaanisha ruta na watu wake.

Kifaa kikijiunga na wifi, ruta hukipa anwani ya IP, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Pengine umewahi kuiona: 192.168.1.7, au 10.0.0.4. Namba hizi hazikutokea tu. Mwaka 1996 zilitengwa rasmi familia tatu za anwani kwa matumizi ya ndani peke yake: zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Hakuna anayezitumia kwenye intaneti, ndiyo maana nyumba milioni zinaweza kila moja kuwa na 192.168.1.7 yake bila kugombana. Ni kama namba za vyumba: kila jengo lina chumba namba saba, na ukiwa ndani ya jengo hakuna anayekuuliza jengo gani.

Kuwa na anwani hakutoshi, lakini. Watu huunganisha simu na kompyuta kwenye wifi moja, halafu wanakaa wakizitazama wakisubiri kitu kitokee. Hakitokei kitu. Vifaa viwili kwenye mtandao mmoja ni kama watu wawili waliojifungia kila mtu chumbani mwake. Lazima mmoja akubali kuwa mwenyeji na mwingine awe mgeni.

Hodi na karibu

Mwenyeji ndiye seva. Neno seva linatisha, linamletea mtu picha ya chumba kizima cha mashine zinazounguruma kwa viyoyozi, lakini seva ni programu yoyote inayokaa kimya ikisubiri kubishiwa hodi. Simu yako inaweza kuwa seva, na kompyuta pia. Mgeni ni yule anayeijua anwani, anayekwenda kugonga. Karibu kila njia ya kuhamisha mafaili unayoisikia, iwe FTP, SMB, AirDrop, LocalSend au nyingine, ukiivua nguo utakuta ni mpangilio wa nani anagonga, anagonga kwa lugha gani, na mwenyeji anadai nini kabla ya kusema karibu. Ukishalijua hilo, hata programu usiyowahi kuiona haikusumbui sana. Unauliza tu: kati ya hivi viwili, kipi ndicho mwenyeji?

Tuanze na simu kuwa mwenyeji. Kwenye Android kuna programu nyingi za kusimamia mafaili zenye kitufe cha kuwasha seva ya FTP. Ukikibonyeza, skrini inakuonyesha kitu cha namna hii:

ftp://192.168.1.7:2121

Mstari huu mfupi umebeba habari yote. Kile cha mwanzo, ftp, ndiyo lugha ya mazungumzo. Namba nne za katikati ni anwani ya simu ndani ya mtandao wako. Na ile 2121 baada ya nukta mbili ni poti, yaani mlango. Kifaa kimoja kina anwani moja lakini milango zaidi ya elfu sitini na tano, na kila seva husubiri kwenye mlango wake ili wageni wasichanganyikiwe. Mlango wa desturi wa FTP ni 21. Mbona simu inatumia 2121? Kwa sababu Android imejengwa juu ya Linux, na kwenye Linux milango iliyo chini ya 1024 imehifadhiwa kwa mwenye mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Programu ya kawaida haina mamlaka hayo, basi inachukua mlango wa juu, na waandishi wa programu wakaona waurudie 21 mara mbili ili ukumbukike.

Ukisahau kuandika hiyo :2121, kompyuta itagonga mlango 21, ambako hakuna mtu, na utaambiwa haiwezekani kuunganisha. Nusu ya malalamiko ya "FTP haifanyi kazi" ninayoletewa yanaishia hapo. Nusu nyingine yanatokana na watu kuibandika anwani hiyo kwenye kivinjari. Zamani ilikubali. Lakini Firefox na Chrome zote ziliiondoa FTP mwaka 2021, kwa hiyo siku hizi anwani hiyo inaandikwa kwenye dirisha la mafaili, pale juu panapoonyesha uko folda gani. Kwenye Windows inafunguka na utayaona mafolda ya simu kama vile ni ya kompyuta yenyewe.

Vivinjari havikuifukuza FTP bure. Ni lugha ya kizee. Maelezo yake ya kwanza yaliandikwa na Abhay Bhushan akiwa MIT, Marekani, mwaka 1971, wakati mtandao mzima uliokuwepo ulikuwa na kompyuta chache za vyuo na taasisi ambazo wenyewe walifahamiana. Kumshuku jirani hakukuwa kwenye hesabu. Matokeo yake ni kwamba jina na nenosiri vinapita waziwazi, bila kufungwa kwa siri yoyote, na mtu aliye kwenye mtandao huo huo akiwa na programu ya kunusa mawasiliano anaweza kuvisoma kama barua isiyo na bahasha. Nyumbani kwako peke yako, sawa. Kwenye wifi ya watu wengi, hapana.

Dawa yake ni SFTP, ambayo licha ya jina si FTP iliyotiwa kufuli bali ni kitu kingine kabisa, kilichojengwa juu ya SSH, lugha ya kuwasiliana kwa siri. SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo cha teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya mtu kutega programu ya kunusa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chake. Aliomba apewe mlango namba 22 kwa kuwa ulikuwa wazi katikati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, zile lugha mbili alizokusudia kuzistaafisha. Programu yako ikikupa uchaguzi kati ya FTP na SFTP, huna sababu ya kuchagua ile ya kwanza.

Kuna kioja kingine cha FTP nikimalize kabla hatujaondoka. Unaweza kuingia vizuri, jina likakubaliwa, nenosiri likakubaliwa, halafu folda ikabaki tupu au ikazunguka bila mwisho. Hapo unajiona umerogwa. Kumbe FTP hutumia milango miwili: mmoja wa maongezi, na mwingine unaofunguliwa papo hapo kwa ajili ya kupitisha mzigo wenyewe. Mlinzi wa kompyuta, yaani fayawoli, akiruhusu wa kwanza na kuzuia wa pili, mtasalimiana lakini hamtapeana kitu.

Kompyuta ikiwa mwenyeji

Geuza sasa. Kompyuta ndiyo yenye nafasi kubwa, ndiyo isiyozimika ovyo, kwa hiyo mara nyingi ni busara yenyewe iwe mwenyeji na simu iende kugonga. Lugha ya kawaida hapa ni SMB, ile ile ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikishana mafolda ofisini, na mlango wake ni 445. Unachagua folda, unaishirikisha, kisha kwenye simu unaandika smb://192.168.1.5, anwani ya kompyuta. Kwenye iPhone programu ya Files inaweza kufanya hivyo yenyewe tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Kwenye Android unahitaji programu ya mafaili inayoijua SMB, na zipo kadhaa za bure.

Anwani ya kompyuta unaipataje? Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, na utafute mstari wa IPv4. Kwenye Linux ni ip addr.

Kisha simu inauliza jina na nenosiri, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama kwa saa nzima. Wanaandika zile tarakimu nne wanazofungulia kompyuta kila asubuhi. Inakataa. Wanaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja. Inakataa. Namba hiyo fupi, PIN, imefungwa kwenye mashine yenyewe na haitambuliwi kabisa na mtu anayeingia kupitia mtandao. Kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti, lile refu ambalo pengine uliliandika mara moja siku ulipoinunua kompyuta na hujaliona tangu hapo. Na kama akaunti yako haina nenosiri lolote, usifurahi: Windows kwa kawaida humkataa mgeni wa mtandaoni kwenye akaunti isiyo na nenosiri, hata ukiacha nafasi hiyo wazi kama ilivyo. Weka nenosiri, na mambo yatafunguka.

Ukikuta programu kongwe ya simu inakutaka uwashe SMB ya toleo la kwanza kwenye kompyuta, badilisha programu. Toleo hilo ndilo lililokuwa na tundu ambalo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, kikafunga mafaili ya watu na hospitali na viwanda katika nchi nyingi na kudai fidia. Baadaye mwaka huo huo Windows ikaanza kuja likiwa limezimwa. Halikuzimwa ili kukukera.

Kwa wasioogopa amri, kuna njia ninayoipenda kuliko zote kwa urahisi wake. Kompyuta ikiwa na Python, lugha ya kuandikia programu, unaingia kwenye folda yenye mafaili unayoyataka kisha unaandika:

python3 -m http.server

Basi. Kompyuta imekuwa seva ya tovuti kwenye mlango 8000. Kwenye simu unafungua kivinjari chochote na kuandika http://192.168.1.5:8000, na orodha ya mafaili inatokea, unagusa, linapakuliwa. Simu haihitaji programu yoyote ya ziada, ndiyo maana njia hii inakubali hata kwenye simu ya kizamani au ya mgeni usiyetaka kumsumbua kusakinisha vitu. Andika http:// yote mwanzoni, maana vivinjari vya siku hizi vina tabia ya kujaribu njia ya siri, https, kwanza na kukurudisha na lawama. Njia hii ni ya upande mmoja, simu inachukua lakini haipeleki, na haina nenosiri hata kidogo: yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuchungulia folda yote. Usiiwashe ukiwa umesimama kwenye folda kuu ya nyumbani yenye kila kitu chako. Tengeneza folda ndogo, weka humo unachotoa, na ukimaliza bonyeza Ctrl na C.

Zile zinazojitambulisha zenyewe

Utasema: mbona AirDrop haiulizi anwani wala mlango? Unaona tu picha ya mtu, unagusa, imeisha. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kutafutana imefichwa. Apple iliitoa AirDrop mwaka 2011, na ujanja wake ni kutumia Bluetooth kwa kuitana tu, kisha vifaa vinafungua wifi ya moja kwa moja kati yao, bila kupitia ruta yoyote. Bluetooth inanong'ona, wifi inabeba gunia. Quick Share ya upande wa Android, ambayo Januari 2024 iliunganishwa na ile ya Google iliyoitwa Nearby Share, inafuata mtindo wa aina hiyo, na ina programu yake ya Windows.

Nyingine, kama LocalSend, hubaki kwenye mtandao wa ndani lakini hupaza sauti: zinatuma ujumbe mdogo unaosikika na kila kifaa kilichopo, "Mimi fulani nipo, anwani yangu hii, mlango wangu 53317, nani mwingine yupo?" Wanaojua lugha hiyo wanajibu na majina yao yanatokea kwenye skrini. Ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye mchanganyiko wa vifaa, maana inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux bila upendeleo, na msimbo wake uko wazi. Mimi huiweka kwenye kila kifaa kipya kabla ya kitu kingine chochote.

Tatizo ni kwamba sauti hiyo ya kupaza ndiyo ya kwanza kuzibwa mambo yakienda kombo. Jina lisipotokea, usikate tamaa. Programu nyingi zina sehemu ya kuandika anwani kwa mkono, na mara nyingi ukigonga mlango moja kwa moja unafunguliwa, hata kama mlishindwa kuitana kwa mbali.

Hodi isiyojibiwa

Niliwahi kukesha hotelini nikijaribu kutoa picha kwenye simu. Vifaa vyote viwili vilikuwa kwenye wifi ile ile, anwani zinafanana hadi namba ya tatu, seva inawaka, na bado hakuna kinachopita. Nilibadilisha programu tatu. Usiku wa manane ndipo nikakumbuka: wifi za wageni, mahali pengi, huwekewa utengano. Ruta inamruhusu kila mteja kwenda kwenye intaneti, lakini inamkataza kuzungumza na mteja mwenzake. Ni ulinzi mzuri, kwa kweli, unamzuia mtu wa chumba cha pili asichungulie laptopu yako. Lakini kwa kazi niliyokuwa nayo ulikuwa ukuta, na hakuna programu inayoupenya kwa kuwa kosa halikuwa kwenye programu.

Suluhisho lilikuwa mfukoni muda wote. Simu yenyewe inaweza kuwa ruta. Ukiwasha hotspoti na kuiunganisha laptopu humo, umejenga mtandao wa ndani wa watu wawili usio na utengano wala mpita njia. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuizima data kabisa na hotspoti ikabaki hai, na hilo fanya, la sivyo laptopu ikiona intaneti itaanza kushusha masasisho yake na kulimeza bando lako wakati wewe unahamisha picha. Na anwani ya simu hapo huna haja ya kuitafuta: kwenye ipconfig, ule mstari wa lango la kutokea, "Default Gateway", ndiyo simu. Kwenye hotspoti ya iPhone utaona 172.20.10.1, ile familia ya pili ya anwani ambayo wengi hawajawahi kukutana nayo.

Sababu nyingine ya kimya ni simu kukuhama bila kukuaga. Ukiwa kwenye wifi isiyo na intaneti, simu nyingi huiona kama imeharibika na kurudi kwenye data ya laini, huku alama ya wifi ikibaki pale juu kama kawaida. Wewe unadhani mko pamoja, mwenzako yuko nje. Zima data kwa dakika hizo chache uone tofauti. VPN nayo hufanya kitu kinachofanana: inachukua kila kinachotoka na kukipeleka kwenye mfereji wake, hata kile kilichokuwa kinakwenda meza ya pili.

Kisha kuna mlinzi, fayawoli. Mara ya kwanza unapounganisha Windows kwenye wifi mpya, huuchukulia mtandao huo kuwa wa hadhara hadi wewe useme vinginevyo, na kwenye mtandao wa hadhara kompyuta hujificha: haijibu inapoitwa na hairuhusu hodi za watu. Nyumbani kwako ingia kwenye mipangilio ya wifi hiyo na uiweke kuwa "Private". Kwenye wifi ya watu iache "Public" na uvumilie. Kuna pia lile dirisha linaloruka ghafla programu ikifunguka mara ya kwanza, likiuliza kama iruhusiwe kuwasiliana. Watu hulifunga kwa haraka ili liwaondokee, na kwa kulifunga wamejibu hapana, jibu ambalo kompyuta hulikumbuka daima. iPhone ina swali lake la aina hiyo tangu iOS 14 ya mwaka 2020: programu inaomba kuona vifaa vya mtandao wa ndani. Aliyekataa siku ile atashangaa leo kwa nini LocalSend yake haioni mtu, na jibu liko kwenye mipangilio, kwenye faragha.

Na kama jana ilifanya kazi na leo imegoma bila wewe kugusa chochote, itazame anwani. Ruta hugawa namba kwa muda, si milele. Simu iliyokuwa .7 jana inaweza kuamka .12, na ule mkato uliouhifadhi unaendelea kugonga chumba ambacho mtu ameshahama.

Kasi, na hesabu zake

Mtu mmoja alinieleza kwamba analipia intaneti ya kasi zaidi ili picha zihame haraka kutoka simu hadi kompyuta. Zitahama kwa kasi ile ile. Intaneti haihusiki. Kinachohusika ni wifi yenyewe, na kabla ya kuipima lazima tutenganishe biti na baiti: baiti moja ni biti nane, makampuni hutangaza kwa megabiti, na kompyuta inapohamisha faili inakuonyesha megabaiti. Gawanya kwa nane kabla hujalalamika.

Chukua video ya gigabaiti nne. Kwa Bluetooth, ambayo kwa kazi hii hupitisha takriban megabiti mbili kwa sekunde, yaani robo ya megabaiti, utasubiri zaidi ya saa nne. Kwenye wifi ya 2.4 GHz iliyojaa majirani, tuseme megabaiti tano kwa sekunde, ni kama dakika kumi na tatu. Kwenye 5 GHz ukiwa karibu na ruta, megabaiti arobaini zinawezekana, na video imefika kabla hujamaliza kuchemsha chai.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba simu na laptopu zote zikiwa kwenye wifi, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili: kutoka simu hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi laptopu, na kwenye chaneli moja hawawezi kusema wote kwa wakati mmoja. Ichomeke kompyuta kwenye ruta kwa waya na safari ya pili inatoka hewani. Mara nyingi kasi hukaribia maradufu kwa kitendo hicho kimoja. Hotspoti nayo inanufaika hapo hapo, kwa kuwa ruta na simu ni kitu kimoja.

Waya wa USB si lazima uwe mshindi, kinyume na imani ya wengi. Simu kadhaa zina tundu la kisasa la Type-C lakini ndani yake ni USB 2.0 yenye kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Hata iPhone 15 ya kawaida ya mwaka 2023 iko hivyo. Faida ya waya ni uaminifu: haujui utengano, fayawoli wala anwani.

Mafaili mengi madogo huhama polepole kuliko moja kubwa lenye uzito ule ule, kwa sababu kila moja lina salamu zake za kufunguliwa na kufungwa. Picha elfu tatu zifunge kwenye zip moja kwanza. Hazitapungua ukubwa, JPEG imeshabanwa tayari, ila salamu zitakuwa moja. Na usiache skrini ilale. Android ikiona programu imekaa nyuma muda mrefu huweza kuizima ili kuokoa betri, na hakuna kinachouma kama kurudi na kukuta uhamishaji umekatika kwenye asilimia themanini na saba.

Kabla ya kufuta kwenye simu

Faili likikataa kuandikwa karibu na mwisho, na lina zaidi ya gigabaiti nne, angalia diski unayoiandikia. FAT32, ambayo bado iko kwenye flashi nyingi, haiwezi kushika faili moja linalofika ukubwa huo hata kama nafasi ipo tele. Picha za iPhone zisipofunguka kwenye kompyuta huenda hazijaharibika. Ni HEIC, aina iliyoanza kutumika na iOS 11 mwaka 2017, na kompyuta inahitaji nyongeza ya kuisoma. Folda ya programu fulani ikionekana tupu ukiwa umeingia kwa FTP, ni Android yenyewe: tangu toleo la 11 programu moja haiwezi kuchungulia folda ya data ya nyingine.

Halafu linganisha ukubwa, na hapa simu na Windows zitakuchanganya tena. Simu nyingi huhesabu gigabaiti kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024, kwa hiyo video inayosomeka GB 4.00 kwenye simu itasomeka GB 3.72 kwenye kompyuta ikiwa nzima bila upungufu wowote. Usihukumu kwa namba hiyo. Bofya kitufe cha kulia, fungua sifa za faili, soma idadi kamili ya baiti, ilinganishe na ile ya kwenye simu. Wala usihukumu kwa vijipicha vidogo vya kwenye folda. Picha ya JPEG mara nyingi hubeba kijipicha chake mwanzoni kabisa mwa faili, na sehemu hiyo huwa ya kwanza kufika. Iliyokatikia njiani itakuonyesha kijipicha kizima, cha kupendeza, na ukiifungua unakuta watu wanaishia mabegani na chini yake ni kijivu kitupu.